Paa ya soko ya Simi-Simi

Mujukuu wangu Aline,

Niko muzima, na barua hii naandika na mukono yangu, sikuomba mutu. Mama yako anakusalimia. Angali anauza pondu, majani ya muhogo, pale sokoni.

Unauliza sababu gani soko yetu haina paa. Bon, ni mimi. Takse yetu, feza tuliyochanga ya kujenga paa, ilikuwa tayari. Mimi, mukubwa ya wauzaji wote, nikasimama: "Na feza hii tujengee barabara wageni wanaotaka kuleta kiwanda, kiwanda yao itatupa kazi!" Mama yako alikataa: "Paa kwanza, kazi hawatatupa." Nikamufokea mbele ya watu: "Nyamaza, wewe unajua nini?"

Barabara ikajengwa, na kiwanda ilikuja na wafanyakazi yake toka mbali.

Jana mvua ilinikuta sokoni. Mama yako akainua plastiki yake: "Papa, kuja, utalowana." Niliingia, nikaangalia pondu tu.

Ukimuandikia, muambie alisema kweli. Mimi, mudomo inakataa.

Koko yako