Karani anasema sikuoa

Manassé, nimetoka sasa hivi mu biro ya kampuni ya chai.

Karani amekataa kuandika mutoto wangu Rosalie ku karte ya matunzo. Bila ile karte, hospitali ya kampuni haimupokee, na iko na homa siku ya ine!

Unajua amesema nini? «Papa, wewe ni selibateri.» Selibateri, mutu asiyeoa! Mimi! Majani haijaota hata ku kaburi ya bibi yangu Libérata!

Nikamwambia nilitoa ngombe sita, padri akatubariki. Akacheka: «Ngombe haiandikake, Papa. Kampuni inatunza bibi na watoto wa ndoa iliyoandikwa ku biro ya serikali, ku teritwari. Lete mama ya mutoto aweke kidole.»

Mama ya mutoto! Si wao njo walimurudisha ku mulango wa hospitali, eti jina yake haiko ku karte? Wakubwa walituimbia uhuru, leo wananifutia hata bibi.

Anasema kama mama alikufa, nilete watu wawili walioona ndoa. Baba mukwe, tuliyeenda naye, amekubali kuwa wa kwanza. Kuja kesho asubui, Manassé. Wewe ulisimama pembeni yangu mu kanisa. Uwaambie alikuwa bibi yangu.