Mwendo wa Baba

Kaka yangu,

Salamu kwanza, mengine baadaye. U mzima? Wifi yangu hajambo? Na yule mkubwa wenu ameshapona kifua? Sisi huku wazima wa kadiri. Mimi kiuno kinanisumbua kwa kuinua madebe ya rangi, lakini duka linafunguliwa kila siku na sasa nina msichana wa pili wa kaunta. Baba anakula vizuri. Habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, nawe uvumilie kidogo mpaka nizifikie.

Ujumbe wako nimeupata kupitia msaidizi wako, kwa kuwa wewe mwenyewe hukupata dakika ya kunipigia. Kijana ana adabu, aliniita mama mheshimiwa mpaka nikageuka kutazama nyuma yangu. Akaeleza kwamba mnaanza filamu ya saba ya Kwaru, yule fundi muuaji wako, kwamba mnataka karakana ya Baba ile ile mliyoanzia, na kwamba nitoe ufunguo kwa wiki tatu. Ili kunilainisha akanitumia kipande cha video cha mwigizaji wenu mpya akijaribu kutembea kama Kwaru. Kaka, yule kijana anatembea kama bata aliyetoka kuoga.

Usidhani nasema kwa ujinga. Nitakwambia jambo ambalo sijakwambia kwa miaka kumi na minne: ile filamu ya kwanza naipenda kuliko kitu chochote ulichowahi kufanya. Nimeitazama dukani, mlango umefungwa, peke yangu na makopo. Wanakufa watu wanne tu, na kila mmoja nilimlilia. Sura ya Kwaru hatuioni mpaka karibu na mwisho. Tunasikia mguu tu, kwaru, kimya, kwaru, na mteja aliyemdhulumu fundi anajua kwamba hesabu yake imefika. Na pale anapombana mkono kwenye jiliwa kama ubao, msumeno ukakwama kwenye mfupa! Muuaji mwingine angekasirika. Yeye anautoa taratibu, anapaka meno yake sabuni, anapuliza vumbi, anaendelea pale pale alipoachia. Nilijifunika macho, nikafunua kidole kimoja. Ile sabuni ni ya Baba. Ndivyo alivyokuwa akifanya ubao ukiwa mbichi, na mimi na wewe tulikuwa tumekaa kwenye maranda tukimtazama.

Hizo zilizofuata umezitengeneza kwa ndoo za damu. Katika ya tatu mmempandisha Kwaru pikipiki. Katika ya tano anaruka ukuta, yeye ambaye hawezi kuruka kizingiti. Katika ya sita nimehesabu maiti thelathini na moja, na nilikuwa nakula karanga. Damu nyekundu kama soda, na mimi nauza rangi, najua nyekundu ipi hukauka vipi. Umetajirika, sikatai. Ila ulichokuwa nacho mwanzoni kilikuwa kitu kimoja tu, mwendo, na ule mwendo hukuubuni. Uliuchukua kwa mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa la watu akiwapigilia misumari, kifundo kikaunga vibaya, mguu wa kulia ukawa wa kuburuzwa. Uliuchukua, ukauvalisha kinyago, ukaondoka nao. Hukuomba ruhusa. Wala hukurudi kuona kilichofuata.

Kilichofuata nilikiona mimi. Watoto walikuwa wakimwona Baba wanatawanyika kama kuku wameona mwewe. Mama mmoja alikuja kuagiza kabati, Baba akainuka kuchukua futi, yule mama akasema ataleta vipimo mwenyewe na hakurudi tena. Wewe ulikuwa kwenye mazulia mekundu unapigwa picha. Mimi ndiye niliyefunga karakana, nikamhamishia Baba kwangu, nikampa chumba cha nyuma chenye utulivu, nikamnunulia kiti cha magurudumu ili asilazimike kutembea mbele za watu. Filamu zako nikazipiga marufuku nyumbani. Sikukuomba hata senti. Duka hili nimelianza na makopo sita ya rangi nyeupe na brashi mbili, na humo humo Baba amekula, amevaa, ametibiwa.

Kwa hiyo jibu la msaidizi wako nilikuwa nalo tayari: hapana, na usinipigie tena. Lakini nilitaka hapana hiyo itoke kinywani mwa Baba, ikuume. Jumapili baada ya chakula nikamweleza yote, nikamwekea na ile video, nikakaa nikisubiri aghadhibike.

Baba alicheka, Kaka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akaniambia huyu mtoto anatupa mguu mzima mbele mno, anasahau kwamba mtu huegemea kwanza ndipo avute. Nikashangaa amejuaje. Akasema kwani mimi nadhani yeye anafanya nini mchana kutwa nikiwa dukani? Msichana wa nyumbani humwekea filamu zako kwenye simu yake. Ya kwanza anaijua kwa moyo, mpaka mahali pa kukohoa. Ya sita aliizima kwenye pikipiki ya pili, akasema mwanawe amechoka, apumzike.

Nikamwambia, lakini Baba, walikuwa wakikukimbia. Akanitazama kama mtu anayetazama ubao uliopinda. Akaniuliza kama nimesahau jina lake la zamani. Sijasahau. Pancha. Mimi na wewe tumetokwa damu za pua shuleni kwa ajili ya jina hilo. Akasema watu wazima, wenye ndevu, walimfuata nyuma wakimwigiza ili wake zao wacheke, na fedha zake wakazikalia, maana nani atamwogopa Pancha? Ilipotoka filamu, wale wale walimwona kwa mbali wakanyamaza. Mmoja alikuja kulipa deni la milango miwili, jasho linamtoka, na Baba hakuwa amemdai hata kwa jicho. Akasema tangu aanguke kutoka kule juu, ule ndio mwaka pekee aliotembea katikati ya barabara.

Nikauliza, basi na mimi je? Swali lilinitoka kabla sijalipima. Akanishika mkono. Akasema chakula changu ni kizuri, dawa hazijawahi kukosekana, na kila siku ananiombea. Halafu akasema kwamba dirisha la kile chumba linatazama ukuta.

Sikulala vizuri siku hiyo, lakini kazi ni kazi. Masharti ni haya. Ufunguo utapata. Kijana wenu ashike msumeno, aue anavyotaka, ila miguu itakuwa ya Baba. Ameshaamua, na ukimkatalia mimi nitauza ile karakana kwa muuza saruji wiki hiyo hiyo. Atalipwa kama mwigizaji, si kama mzee wa kupewa asante, na kiasi tutazungumza mimi na wewe, bila msaidizi. Kiti chenye mgongo kiwe karibu. Na katika filamu hii asipande pikipiki mtu yeyote.

Limebaki moja, nalo ni lake. Amesema siku za kupiga picha nisiwepo. Nilibishana naye: nani atampa dawa, nani atajua akichoka? Akasema mtu yeyote mwenye saa. Nilipomkazania ndipo akasema kweli. Kila niingiapo chumbani, anasema, hunyoosha mgongo na kuuinua ule mguu usiburuzike, ili nisimwonee huruma. Amefanya hivyo miaka yote hii, na nyonga ndiyo inayomuuma kuliko kifundo. Akiniona nimesimama pale atatembea sawasawa tu, hawezi kujizuia, na kazi yako itaharibika. Kwa hiyo nitamfikisha mlangoni, nitakukabidhi wewe mwenyewe mkononi, si msaidizi, kisha nitarudi dukani kwangu.

Mpe wifi mkono wangu, na watoto uwabusu wote. Baba anakusalimu sana. Amesema umletee viatu vya ngozi vyenye soli ngumu, maana hivi vya mpira nilivyomnunulia mimi havitoi sauti.

Ni mimi dadako,
wa duka la rangi