Mvule wa Nyumbani Kwetu

Kituo cha Miti,
Jumatano, mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba barua hii ikukute umeshakunywa dawa yako ya presha na umeketi, maana nakujua: ukianza kusoma umesimama, utamaliza umekasirika. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia wiki iliyopita kuwa limevimba tena na umekataa katakata kwenda kulionyesha, unalipaka mafuta huku ukiligombeza kama mtoto mtukutu. Mimi mwili ni mzima. Kile kikohozi kimeisha. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu utaiona mbele huko, ila nakusihi usiruke mistari.

Sikupiga simu kwa makusudi. Tungeanza na habari za mvua, tungefika kwenye mvule, ungepandisha sauti, nami ningepandisha yangu kwa kuwa hasira nimezirithi kwako, halafu ungenikatia. Barua hii atakuletea Nesi, yule mama mstaafu anayewaongoza watu wetu wa kujitolea. Nimemwambia asiiache kwa mtu mwingine yeyote, hata Mama. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimwite mtu akusomee.

Nianze na habari njema, maana ipo. Unakumbuka nilikueleza kuwa miche tunaiumiza sisi wenyewe? Tunakwangua shina dogo kwa kisu, tunapaka ule ugonjwa wa magome, tunaifungia kwenye chumba cha vioo na kusubiri wiki sita tuone nani atabaki. Miaka yote tulikuwa tunatoa miche iliyokufa kwa matoroli. Safari hii, kati ya miche mia moja na arobaini, thelathini na mmoja imefunga vidonda na kutoa majani mapya. Mkubwa wetu, Daktari wa Miti, ambaye hujawahi kuona mtu mgumu kucheka kama yeye, aliihesabu mara tatu, kisha akatoka nje akajifanya anapenga kamasi. Nesi alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio kuuliza kuna nini. Kwa mara ya kwanza, Baba, tuna mivule inayoweza kuishi na ugonjwa huu.

Lakini thelathini na mmoja si msitu. Ili tuendelee tunahitaji mbegu nyingi kutoka kwa mivule mizima inayozaa, na katika upande wetu wote imebaki kumi na mmoja tu, ile iliyo kando ya mto, mtelemko mmoja kutoka nyumbani kwetu. Watu wa kujitolea wamemaliza Jumamosi zao za mwaka mzima wakiitafuta na kuifunga utepe mweupe: dereva wa lori, mafundi cherehani wawili, walimu, na yule muuza vipuri anayeogopa viwavi. Mvule wetu wa nyuma ya nyumba sasa unaumwa, na chini ya magome yake umeshatoa ule unga wa rangi ya chungwa unaobeba ugonjwa. Mvua ya kwanza ikipiga, unga huo utashuka na maji na upepo hadi mtoni. Watu wa hali ya hewa wanasema siku kumi, na mawingu hata wewe unayaona. Ni lazima ukatwe kabla ya hapo.

Nawe umekataa. Mara mbili watu wetu wamekuja na msumeno na maturubai ya kufungia matawi, na mara mbili wamekukuta umeketi shinani, panga mapajani. Umesema mti wako hauguswi mpaka aliyeuletea ugonjwa asimame mbele ya watu akiri kwa kinywa chake. Jina hukulitaja, ila hakuna asiyemjua. Ni mwenzako wa msumeno, mliyepasua naye mbao miaka thelathini, wewe juu ya gogo, yeye shimoni akila vumbi la mbao. Unasema alipita nyuma ya nyumba na mkokoteni wa kuni za mvule mgonjwa. Yeye alisema kuni zile hazikuwa mvule hata kidogo, ukamwita mwongo hadharani, ukaapa kuwa hata ukifa asishike jeneza lako. Tangu siku ile watu wanamjibu salamu kwa shingo upande. Ameamua kuhamia kwa binti yake, na mizigo ameanza kufunga.

Hayo unayajua. Hili ulikuwa hulijui. Jumapili alikwenda nyumbani kwa Nesi, kofia mkononi, akamwomba amfundishe maneno. Nesi akamuuliza maneno ya nini. Akasema Jumamosi, watu wakikusanyika tena kuja kuukata, atasimama akiri kuwa kuni zake ndizo zilizouambukiza mvule, ili wewe uridhike, mti ukatwe, na ile kumi na mmoja ipone. Nesi akamkazia macho akamuuliza kama ni kweli. Akajibu kuwa si kweli, ila lazima mtu aseme, na yeye anahama hata hivyo, jina baya halina uzito kwenye mkokoteni. Kisha akaomba wewe usiambiwe kabisa, akisema wewe si mtu mbaya, una uchungu tu.

Nesi alinisimulia juzi tukiosha buti, akidhani nitafurahi kwamba mambo yamenyooka. Niliweka brashi chini, nikaenda kusimama dirishani. Akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni harufu ya klorini.

Baba, ni mimi.

Mvule wetu niliuambukiza mimi. Unakumbuka siku nilipokuja kukata vikonyo, vile vijitawi tunavyovibebesha kwenye miche ili tupate mimea ya ukoo wa mti wako. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa machimboni, nachukua sampuli za magome kwa miti inayokufa. Sheria yetu ni moja na haina mjadala: kabla ya kila mti, kisu kifutwe kwa spiriti na kipitishwe motoni, buti zikanyage dawa kwenye beseni. Mimi ndiye ninayewafundisha wanaojitolea. Nawakaba mpaka wamenipa jina, wananiita Bibi Spiriti.

Nilifika nikakuta umenisubiri mlangoni na shati lako jeupe. Umealika majirani. Umewaambia kwamba katika mivule yote wataalamu wameuchagua wa kwako, na aliyetumwa ni binti yako. Nikatoa chupa na beseni. Ukacheka, ukauliza mbele za watu tangu lini mtoto anatiwa dawa ndipo aingie kwa baba yake, na kama mti wako nao umelazwa wodini. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikaona haya, Baba. Niliona kama nikiendelea kufutafuta kisu pale nakudhalilisha mbele ya wageni wako. Nikarudisha chupa mkobani, nikapanda, nikakata matawi matatu kwa kisu kilekile cha machimboni. Jioni, kwenye daftari la zana, pale penye swali kama kisu kilisafishwa, nilitia tiki.

Tafadhali usije ukajitwisha lawama. Ulitania kama baba yeyote anavyomtania mwanawe. Ningefuta kisu changu ungenicheka dakika mbili, ukasahau. Niliyesomea kazi hii ni mimi, si wewe.

Wiki mbili zilizopita Mama alinitumia picha za vidonda. Nilizikuza kwenye simu mpaka basi. Vidonda ni vitatu, na kila kimoja kimeanzia palepale nilipokata, juu kule ambako mtu wa mkokoteni hafiki hata umpe ngazi. Nikapeleka maabara kipande cha gome alichokuja nacho Nesi, majibu yakatoka: ni ugonjwa wa machimboni, wa namna ileile ya miti niliyoikata asubuhi ile. Vikonyo nilivyochukua kwako navyo vimekufa karibu vyote. Tangu hapo nilikuwa najua, na nikauchuna. Nilijidanganya kwamba Daktari atagundua mwenyewe, kwamba utachoka kugomba, kwamba mvua itachelewa. Uliponipigia ukamlaani yule mzee simu nzima, nilikuitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba. Kosa la kisu lilikuwa la haya ya dakika moja. Lakini zile ndiyo Baba nilizisema nikiwa na akili zangu timamu, nami zinanichoma kuliko kisu.

Leo asubuhi nimepiga moyo konde nikamweleza Daktari. Hakufoka. Alifungua daftari, akaitazama ile tiki, akaniuliza ziko nyingine ngapi za namna hiyo. Nikamwambia hakuna. Akasema huenda, lakini sasa hana njia ya kuniamini. Akanyoosha mkono nikampa ufunguo wa chumba cha vioo. Barua hii naiandikia kwenye benchi la nje, na kupitia kioo namwona mtu mwingine anamwagilia miche yangu, tena anaimwagilia vibaya. Sijui kama nitarudishiwa kazi. Nimelia, nimenyamaza, naendelea kuandika.

Umesema mvule haukatwi mpaka mwenye kosa asimame. Haya, nimesimama. Jumamosi nitakuja na basi la kwanza, nitayasema haya yote kwa sauti mbele ya majirani walewale waliocheka siku ile. Ukiniruhusu nitapanda mwenyewe, maana matawi yake nayajua tangu utotoni, niyashushe moja moja kwenye maturubai, unga usimwagike. Usipoitikia salamu yangu nitaelewa. Usiponiruhusu kuingia ndani nitakaa nje. Ila mti usiuzuie kwa sababu yangu, Baba, nakupigia magoti. Huu umeshakwenda. Ile kumi na mmoja bado.

Na kuna jambo ambalo haliwezi kungoja Jumamosi. Yule mzee yuko ndani sasa hivi anakariri uongo kwa ajili yetu, akijitwika kosa ambalo hakulifanya, na baada ya kulisema ataondoka nalo mpaka kaburini. Mimi nikimfuata atanifukuza, atasema nimetumwa nimwonee huruma. Wewe hatakufukuza. Vaa viatu uende kwake leo, barua hii uishike mkononi, na kama ulimi utakuwa mzito mpe aisome mwenyewe. Mwambie asisimame. Mwambie mwenye kosa amepatikana, na ni wa nyumbani kwako.

Nisalimie Mama, na umwambie mimi ndiye nitakayemweleza, asisikie kwa watu. Wasalimie na kaka zangu na watoto wao wote. Mungu akuweke, Baba.

Najua utataka kunijibu, na najua majibu yako. Nenda kwake kwanza, mimi uje unijibu baadaye.

Ni mimi binti yako wa tatu,
niliyekukosea.