Taa Mbili na Tundu la Tatu

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mjomba mpendwa,

Hujambo? Kile kifua kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Na mkaza mjomba, goti lake limepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Dada yako, mama yangu, ana afya na sauti, hasa sauti. Bibi anakula vizuri, na anakuulizia kila tunapofungua redio, kana kwamba wewe ndiye mtangazaji. Nina habari inayonichoma ulimi, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba salamu ndiyo mlango wa nyumba, basi nimepitia mlangoni.

Mjomba, taa zimewaka! Taa za kumulikia kazi usiku, kwenye pikapu ya baba, ileile!

Najua hapo umeiweka barua mezani kwanza. Miaka minne imepita tangu uunganishe zile zako moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila fyuzi, na dashibodi ikateketea tukiwa tumesimama tunatazama. Baba akaapa kwamba hakuna mkono utakaogusa tena nyaya za gari lile. Wewe ukaondoka, na tangu siku hiyo neno "shemeji" halijatoka kinywani mwake.

Nacho cheti changu cha umeme wa magari kilikaa mwaka mzima kwenye sanduku la nguo. Nilikuwa nakitoa, nakisoma, nakirudisha. Baba naye, akienda kutengeneza pampu za maji mashambani, jua likizama anashika tochi kwa meno. Kazi mbili aliziacha nusu kwa sababu hakuziona bolti. Ya tatu ilimvunja jino. Aliporudi ameshika shavu nikamwambia, "Baba, nipe gari kwa siku moja tu."

"Jino limekwenda, sasa unataka na gari liende?"

Mama akaingilia, "Mpe! Meno yakikuisha nitakusagia chakula mpaka lini?"

Akakubali kwa sharti moja: kikiungua kitu chochote, hata ikiwa ni harufu tu, cheti kirudi sandukuni na nisikizungumzie tena.

Nilijipa siku tatu. Nilichora njia ya kila waya kwenye daftari. Waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi karibu nayo kabisa, kisha rilei, ili swichi ya dashibodi ibebe umeme kidogo tu na mzigo mkubwa upite kwingine. Nyaya zote nilizipitisha ndani ya mpira, mbali na bomba la moshi. Taa moja mbele, nyingine nyuma ya kabini ikitazama sehemu ya mizigo.

Jana saa sita mchana baba akafunga milango ya banda la gari ili tupate giza. Mama akasimama na ndoo ya mchanga. Ya mchanga, mjomba! Nikabonyeza swichi.

Taa zikatoa wekundu hafifu, kama makaa yanayokufa, zikapepesa, zikazimika. Mama akainua ndoo. Baba akauliza taratibu, "Msomi, kuna nini?"

Nilijua kuna nini, na hilo ndilo lililoniuma: nilijua tangu asubuhi. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, nilikuwa nimeufunga juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Swali hilo nililipata lote kwenye mtihani. Lakini baada ya moto ule, baba aliipaka pikapu nzima kwa brashi, kwa mkono wake, hadi ndani ya boneti mahali pasipoonekana na mtu. Hata kuiegemea haturuhusiwi. Nilishindwa kuikwaruza, nikajidanganya kwamba bolti yenyewe itatosha.

Nikasema, "Baba, ni rangi yako."

"Rangi yangu imekukosea nini?"

Nikamweleza, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake. Halafu akaenda kwenye rafu, akachukua msasa. Nikanyoosha mkono, hakunipa. Akainama mwenyewe chini ya boneti, akasugua. Rangi ya kijani ikatoka, na chini yake likatokea doa jeusi la moto wako, mjomba. Mkono wake ukasimama kidogo. Kisha akasugua tena, mpaka chuma kikang'aa.

"Funga," akasema.

Nikafunga. Nikabonyeza. Banda zima likawa jeupe! Niliona mpaka utando wa buibui kwenye paa, mpaka pengo la jino la baba, maana alikuwa anacheka. Mama aliangusha ndoo mguuni mwake akasahau kulia. Tuliziacha taa zikiwaka nusu saa, baba akigusa waya mmoja mmoja. Zote baridi.

"Harufu?" akauliza.

"Hakuna."

Akanusa mwenyewe, ndipo akaamini. Cheti sasa kiko ukutani bandani, na msumari kaupiga yeye!

Nikadhani tumemaliza. Asubuhi hii nimemkuta na keekee mkononi, anatoboa tundu kwenye chuma cha nyuma, palepale ulipotaka kuweka taa yako ya tatu. Nikakimbilia waya. Akanizuia.

"Hiyo si yako. Hiyo ni ya shemeji. Mwandikie aje aifunge." Akapuliza vumbi la chuma, akaongeza, "Lakini fyuzi nitaishika mimi."

Mama anakusalimu, Bibi pia, na jirani yetu seremala anasema msumeno wake uliondoka nawe. Msalimie sana mkaza mjomba na binamu zangu wadogo. Mungu awatangulie njiani na awafikishe salama. Tundu nimeliziba kwa kipande cha mpira, kutu isije ikafika kabla yako.

Mimi mpwa wako, nikupendaye tangu nilipojua kupenda,

Kidadisi