Kivuli cha Mwezi wa Juni

Jumatatu, 6 Januari

Nimegeuza mahindi kwenye turubai mara mbili. Bado yana unyevu. Tangu Oktoba sijaandika neno hapa. Naomba radhi, ingawa anayeombwa ni daftari. Mke wangu alipatwa na kiharusi, na mkono wangu uliozoea kalamu ukashika kijiko cha uji. Sasa anatembea kwa mkongojo. Kila siku, saa mbili hadi saa nne asubuhi, huketi kwenye veranda ya mashariki, jua limpashe joto upande wake wa kushoto uliolegea. Ndiyo dawa pekee anayoikubali bila kunung'unika.

Jerono, binti yetu, amefika kutoka Nakuru mjini. Ni msanifu majengo. Anataka kujenga nyumba ya kupangisha, ghorofa nne, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya kiwanja chetu hapa Rongai. Litakuwa jengo lake la kwanza, baada ya miaka mingi ya kuwachorea wengine. Anangoja kibali changu tu. Nilimwuliza swali moja: je, jua la mama yako?

Jumatano, 8 Januari

Ameleta tarakilishi. Ndani yake imo nyumba yetu, ndogo kama kiberiti, pamoja na tangi la maji. Alitelezesha kidole. Jua likachomoza, likapita, likatua. Siku nzima kwa pumzi moja. Vivuli vilitambaa uani kama maji yanayotafuta mahali pa kulala. Niliduwaa. Nilisahau mahindi.

"Unaona, Baba? Hiyo kivuli haifiki kwa Mama. Hata Juni."

Kuna kitu kilinikera. Sijui ni nini.

Alhamisi, 9 Januari

Nimejua. Katika picha yake, adhuhuri ya Juni, kivuli kiliangukia kaskazini. Hapa kwetu mwezi huo huangukia kusini. Miaka arobaini nimeanika mahindi Januari na maharagwe Julai katika ua huu, nikilifuata jua kwa turubai. Sihitaji mashine kuniambia.

Nilimpigia simu Jerono, aliyekuwa amesharudi mjini. Alikagua mashine, akakiri. Programu ilikuwa bado imewekwa katika mji fulani wa Ulaya, kama ilivyokuja. Hakuwa ameihamishia Rongai. Nyumba yetu imekuwa ikiota jua la ugenini.

Jumamosi, 11 Januari

Amerudi, amerekebisha mahali. Juni, saa mbili asubuhi: kivuli kimeifunika veranda yote. Hakiondoki hadi saa tatu na nusu. Julai vilevile. Ndiyo miezi ya baridi, upepo ukiteremka kutoka Molo.

Aliondoa ghorofa moja. Kivuli kikaondoka saa tatu. Aliondoa ya pili. Jengo likawa kibanda ambacho yeye mwenyewe hakutaka kukitazama. Tulibishana. Nilikuwa mkali. Nilimwambia mtoto hajengi juu ya joto la mama yake. Akafuta macho kwa kiganja. Nilijuta.

Mke wangu alikuwa dirishani. Mdomo wake bado haujanyooka, lakini kila neno lilisikika.

"Hawa wawili wanagawana jua langu kama maziwa ya mursik. Mimi hata kikombe sijapewa."

Jerono alicheka kwanza. Mimi baadaye.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya ibada Jerono alimwekea mama yake tarakilishi mapajani, akamfundisha kulisogeza jua kwa mkono wa kulia. Mke wangu aliupitisha mwaka mzima, polepole, mvua na kiangazi, kama mtu anayepekua kitambaa dukani. Alifika Desemba, akarudi. Akasimama Juni. Alikaa hapo muda mrefu.

Nimetambua kwamba wiki nzima sijamwuliza anachotaka. Nilidhani kumlinda kunatosha.

Jerono ameondoka jioni bila kibali na bila katazo. Nilimsindikiza hadi langoni, nikamwambia kwamba neno si langu tena. Ni la mama yake. Alinishika mkono kidogo.

Mke wangu ameomba asiharakishwe. Kesho anataka kuutazama Juni tena. Nyumba imetulia. Akishaamua, nitaandika hapa, hata kama silo jibu nilitakalo.