Wafuaji Hawakuwa Kimya

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima wa afya.

Unasema majirani wanauliza daktari gani asiyechoma sindano. Waambie hivi: nilianza na takwimu, nikahamia sosholojia, na sasa kwenye uzamivu nachunguza watu wanavyoishi na kazi zisizotazamwa. Nimechagua wafuaji wa hospitali ya hapa, kwa kuwa nawe ni mfuaji. Wiki tatu nimekaa na daftari langu kwenye chumba cha kufulia. Hawasemi neno! Nimeandika kwamba kazi imewanyamazisha. Profesa ameisifu sana sura hiyo.

Kitinda mimba wako

20 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Mgongo unaniuma asubuhi tu, ukipata moto unatulia.

Barua yako nimewasomea wafuaji wenzangu wa hospitali yetu, wakacheka hadi chai ikamwagika. Kimya? Mashine zikinguruma, nani ajikaushe koo? Tunaongea kwa mikono. Ukigonga meza mara mbili, shuka ina sindano. Ukipangusa shavu, mwenzetu amefiwa, mpunguzieni mzigo. Hao walikuwa wakikusengenya mbele ya macho yako, msomi wangu! Weka daftari chini, ukunje shuka.

Mama yako

14 Juni

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kupotea. Sabuni ilinichubua vidole, hata kalamu haikushikika.

Ile sura niliitupa. Profesa akakunja uso: “Ilikuwa nzuri.” Nikamwambia, “Nzuri, ila si kweli.” Ameniongezea miezi minne tu.

Siku nilizokuwa nikikunja shuka, niliona kila nikipita mfuaji mmoja anazungusha kidole kichwani. Wakati wa chai nikamuuliza maana yake.

“Ni wewe.”

“Mimi kichaa?”

“Msomi. Ishara ni hiyo hiyo, tunabana matumizi ya vidole.”

Tangu siku hiyo wananifundisha, na wameniruhusu kuandika. Mama, miaka ishirini na sita umefua, nami sikuwahi kukuuliza lolote. Naomba nije nikuhoji.

Kitinda mimba wako

29 Juni

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Vidole vyako vipake mafuta kila ukinawa.

Barua yako sikumsomea mtu. Nilidhani unaionea haya kazi yangu, ndiyo maana shuleni kwenu nilikuwa nikisema nafanya kazi hospitali, basi, naishia hapo. Njoo Jumamosi, ni siku yangu ya mapumziko. Lakini swali moja najibu kabla hujauliza, maana najua utaogopa kuliuliza: ndiyo, mwanangu, niliipenda. Bado naipenda.

Mama yako, mfuaji