Dawa Niliituma Mimi, Lawama Kabeba Mke Wangu

Kerege, 14 Novemba 2024. Ni mwezi wa saba tangu nitoke nyumbani Mkange, niliondoka wiki moja baada ya Idi.

Mpendwa mshauri Bi Adila, shikamoo. Naomba msaada wako, na majina yetu naomba uyafiche. Shule niliishia darasa la sita, nikikosea univumilie.

Mimi ni kibarua, nachanganya zege kwenye jengo hapa Kerege, na vumbi la saruji limenipa kikohozi kisichoisha, kwa hiyo mimi na mwenzangu Seleman tulinunua dawa ya maji dukani, tukawa tunakunywa kwa kifuniko cha chupa ya maji, na kwa kweli inatuliza, ukiinywa unalala fofofo. Mke wangu Batuli akanipigia kwamba mtoto wetu Mina, ana mwaka na miezi minane, anakohoa siku ya tatu, anataka kumpeleka zahanati. Nikamwambia zahanati ya nini, dawa nzuri ninayo, natuma. Nikaimimina kwenye kichupa cha juisi, nikampa jirani yetu Ishaka aliyekuja huku kununua mabati, na siku hiyo nilijisikia baba, maana miezi yote hii mtoto ananijua kwa sauti tu.

Batuli akauliza, "Hii haina karatasi, nampa kiasi gani?" Nikamwambia vifuniko viwili asubuhi, viwili jioni, kama ninavyokunywa mimi. Akasema, "Mbona nyingi?" Nikamjibu, "Kwani wewe ndiye daktari?"

Akampa ya asubuhi. Hadi adhuhuri mtoto haamki, wakimnyanyua kichwa kinaanguka, pumzi anavuta mojamoja. Wakakimbizana naye kwa bodaboda hadi zahanati, akapelekwa hospitali, akakaa siku mbili kwenye oksijeni. Kapona, alhamdulillahi.

Mama akanipigia kutoka hospitali, simu kaiweka sauti kubwa, kaka yangu Ramadhan yupo, Batuli yupo. Mama akasema, "Mkeo kamlewesha mtoto ili yeye apate kupumzika. Eti wewe ndiye uliyemwambia vifuniko viwili?" Nikamsikia Batuli anasema taratibu, "Waambie, mume wangu." Nikasema mimi sikumpa kipimo. Kisha nikasema fundi ananiita, nikakata.

Tangu hapo nikipiga, Batuli anasema, "Mtoto mzima," basi, anampa mtoto simu. Kaka anasema mwisho wa mwezi huu wanakaa kikao wamrudishe kwao, Mina abaki kwa mama. Nikisema ukweli mama ataniona nilitaka kuua na juu yake nikadanganya, nikinyamaza Batuli anaondoka. Nifanye nini? Nategemea kurudi mwezi wa Shaabani, jengo likishapauliwa, nilifikiri nikifika nitaongea nao uso kwa uso.

Baba Mina

*

Baba Mina, marahaba. Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba. Jina la kweli la mkeo sikuweza kuliokoa, maana huko kijijini limeshatembea nyumba kwa nyumba, na wewe ndiye uliyeliachia.

Nakuhurumia kwa jambo moja: ulitaka mtoto apate kitu kutoka mkononi mwako. Wanaume wengi walio mbali hutuma dawa kama wanavyotuma viatu. Lakini kiatu kikizidi mguu kinavuliwa, dawa ikishamezwa haivuliwi. Nyingi za kikohozi cha wakubwa zina vitu vya kuleta usingizi, na kwa mtoto mdogo vinaweza kuzima hata pumzi. Hata zile zenye picha ya mtoto kwenye boksi, wa umri wa Mina hapewi mpaka apimwe. Kikohozi cha mafua mara nyingi huisha chenyewe. Anyonye, anywe uji na maji, na akishavuka mwaka mmoja asali kidogo inamtosha. Chini ya mwaka, asali hapana kabisa. Akipumua mbiombio, mbavu zikibonyea ndani, akikataa kula au akilegea, ni zahanati saa hiyo hiyo. Mkeo alitaka kwenda, ukamzuia. Kichupa kile kama bado kipo nyumbani, kipelekwe zahanati wakakiteketeze. Na wewe mwenyewe, kikohozi kisichoisha kinataka kupimwa makohozi, acha kupokezana kifuniko na Seleman.

Sasa la kikao. Shaabani! Ukifika Shaabani Batuli atakuwa kwao na Mina analia kwa bibi yake, huo uso kwa uso utaufanya na nani? Mkange si ng'ambo. Omba ruhusa ya siku mbili uende. Lakini kabla ya kupanda gari, leo hii, mpigie mama yako, mwambie aweke sauti kubwa kama siku ile, kaka yako awepo na Batuli awepo. Sema: "Dawa niliituma mimi. Kipimo nilitoa mimi. Batuli aliuliza, nikamkaripia. Mlipokuwa hospitali niliwadanganya." Usiwaeleze habari za vumbi wala uchovu, wala usiseme shetani alikupitia. Mama atakutukana. Sikiliza mpaka amalize.

Kisha umwombe Batuli radhi hapo hapo, wakisikia wote. Akikusamehe, shukuru Mungu. Akisema anataka kwenda kwao kwa hiari yake apumzike mbali nanyi, usimbishie. Aende, na aende na Mina.